Zamu ya kwanza ina thamani ya dola 700

Miaka miwili imepita tangu ndugu mmoja wa likelemba yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo (kikundi ambacho kila mwezi wote wanachanga, na mmoja kwa zamu yake anapokea jumla yote), mfanyakazi wa mgodini, abaki nyuma Jumapili moja hadi wengine wote wakatoka. Akatoa mfukoni karatasi ya benki iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekopa dola 12,000 za kumalizia nyumba, kwa miaka mitano, riba 18% kwa mwaka. Alikuwa amelipa mwaka mzima bila kukosa, maana mshahara ukiingia tu benki inakata chake kwanza. Katika miezi 12 zilitoka dola 3,657. Karatasi ilisema deni lililobaki ni dola 10,373.

"Mama, hii hesabu ni ya kweli?"

Ilikuwa ya kweli. Nimefanya kazi ya mikopo miaka tisa kabla ya kuanza kushika vitabu vya vikundi, na hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko hilo. Nikachukua kalamu. Riba ya 18% kwa mwaka ni 1.5% kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 1.5% ya 12,000 ni dola 180. Yeye analipa dola 304 na senti 72. Toa 180, zinabaki 124 na senti 72, na hizo ndizo pekee zilizogusa deni lenyewe. Mwezi wa pili riba inahesabiwa juu ya 11,875, inakuwa dola 178. Mwezi wa tatu inashuka tena, kidogo tu. Unachota pipa kwa kikombe, na mtu amesimama ng'ambo anarudishia maji kwa kikombe kilicho kidogo kuliko chako. Pipa litakauka, lakini mwanzoni hauoni.

Ndiyo maana pesa ya ziada ikiingia mapema ina nguvu kuliko pesa ileile ikiingia mwishoni. Haiendi kulipa riba ya mwezi huo; inaingia yote ndani ya deni, na kila mwezi unaofuata riba inahesabiwa juu ya deni dogo zaidi.

Siku hiyo alikuwa na pesa ya ziada. Ndiyo kwanza alikuwa amepokea zamu yake: watu 12, kila mmoja dola 200 kwa mwezi, jumla 2,400. Kura ilimtupa nambari 12, ya mwisho kabisa. Nikamfanyia hesabu mezani. Ukipeleka hizi 2,400 kesho, deni linashuka hadi 7,973, na ukiendelea kulipa 304 zako kama kawaida, miezi 48 iliyobaki inakuwa 34, huo wa mwisho ukiwa na malipo madogo tu. Riba unayookoa ni dola 2,025. Alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo mimi ningependa asiulize: na kama ningepata zamu ya kwanza?

Angeokoa dola 2,722. Tofauti ni karibu dola 700, kwa pesa ileile, kwa watu walewale.

Na hakuna aliyejua. Mwaka mzima tumekaa naye kwenye veranda ileile, tunacheka, tunalaumu bei ya makala (makaa), na hakutamka hata mara moja kwamba ana deni la benki. Aliona haya. Hapa kwetu mtu atakuambia bila shida kwamba mtoto wake amefukuzwa shule kwa sababu ya pesa, lakini kwamba lupango lake, yaani kiwanja chake, limewekwa rehani, hapana, hilo linabaki chumbani kati yake na mke wake. Namwelewa. Wapo watakaosikia "rehani" na kesho mtaa mzima utasema nyumba imeuzwa.

Basi mzunguko uliofuata nilimwomba aseme kabla ya kura. Alisema, akiangalia viatu vyake. Watu walikaa kimya, wakauliza maswali mawili matatu (kazi yako ni ya mkataba? mke anajua?), kisha kura ikapigwa. Zamu ya kwanza ilimwangukia mama anayeuza vitenge, na ndugu yetu alikuwa wa tano. Yule mama akamwambia: "Yaya (kaka), anza weye. Mimi franga yangu nainunulia mzigo wa Noeli, nikiipata leo nitaila yote." Hakumpa sadaka. Biashara yake ina msimu, na zamu ya mwezi wa kwanza ingekaa bure hadi msimu ufike. Lakini kila nikifikiria ile dakika, naona ilikuwa na thamani kubwa kuliko mafunzo yote ya akiba niliyowahi kuyatoa.

Kikundi hakikuwa kijinga pia. Anayepokea kwanza amekopeshwa na wenzake 11 bila riba, na historia ya likelemba imejaa watu waliopokea mwezi wa kwanza wakahama mtaa mwezi wa tatu. Tulitaka mke wake atie sahihi daftarini, na kaka yake asimame kama mdhamini. Alikubali yote.

Zamu yenyewe ningependa muione. Mweka hazina wetu ni mama mwenye miwani, na kila noti anaiinua dirishani kuiangalia kwenye mwanga. Dola hapa Lubumbashi ikiwa na mchaniko hata wa milimita mbili pembeni, hakuna atakayeipokea, na ile ya zamani yenye picha ndogo ya kichwa ndiyo usiilete kabisa. Siku hiyo alikataa noti moja ya ishirini kwa sababu ya tundu ambalo mimi sikuliona hadi aliponionyesha kwa ncha ya ukucha. Mwenye noti alinung'unika, akaenda barabarani kwa mbadilisha pesa, akarudi baada ya nusu saa. Unaweza kusema ni usumbufu. Lakini mkopo ni wa dola, na mtu anayelipwa kwa franga za Kongo halafu anachanga kwa franga anaweza kuona mchango wake umepungua kabla zamu yake haijafika.

Sasa kuna jambo nitalisema bila kuzunguka, kwa sababu naliona kila mwaka. Wengi wetu tuko pia kwenye AVEC, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vya sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Mfumo huo ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na leo umeenea mpaka vijijini kwetu. Unanunua hisa kila mkutano, unakopa sandukuni, mwisho wa mzunguko mnagawana. Mtu akisikia habari ya kulipa benki mapema, wazo la kwanza linalomjia ni kukopa sandukuni akalipe benki. Usifanye. Vikundi ninavyovishikia vitabu vinatoza 5% kwa mwezi. Dola 2,400 kwa 5% ni dola 120 za riba kila mwezi. Hizo 2,400 ukizipeleka benki zinakupunguzia 1.5%, yaani dola 36. Umeuza mbuzi ukanunua kuku. Utaniambia riba ya sandukuni inarudi kwetu wenyewe wakati wa kugawana. Inarudi, ndiyo, lakini kwa kiasi cha hisa zako tu. Iliyobaki umewalipia wenzako sikukuu. Cha kupeleka benki ni ule mgao wa mwisho wa mzunguko, si mkopo wa katikati.

Na kabla ya yote, soma mkataba wako. Hesabu yangu yote inasimama juu ya riba inayohesabiwa kwenye deni lililobaki. Wapo wakopeshaji wanaohesabu riba kwenye mkopo wa mwanzo mpaka mwisho: 12,000 ileile, dola 180 kila mwezi kwa miezi 60, jumla ya riba 10,800. Kama mkataba unasema riba hiyo yote ni deni tangu siku ya kwanza, kulipa mapema hakukuokolei kitu, bora pesa yako uinunulie mabati. Angalia pia kama kuna ada ya kulipa kabla ya wakati. Tuseme ni 2%: kwa 2,400 ni dola 48, na bado unatoka na faida kubwa. Ikiwa ada ni kiasi kilekile kila unapolipa, kusanya upeleke mara moja kwa mwaka badala ya kidogokidogo.

Mtu makini ataniuliza: kwa nini asipeleke mwenyewe zile 200 za mchango benki kila mwezi, bila likelemba? Kwa hesabu, anayepata zamu ya mwisho angefanya vizuri zaidi hivyo. Kwa maisha, mwezi wa tisa watoto wanarudi shuleni, mvua ikianza bati linavuja, shemeji anafiwa huko Likasi, na zile 200 hazifiki benki. Mchango wa likelemba unafika kwa sababu kuna watu 11 wanaokusubiri verandani. Sijaona benki inayoogopwa hivyo.

Nikubali na aibu yangu. Mkopo wangu mwenyewe, zamani kidogo, niliupelekea zamu yangu nikiwa na furaha, nikaweka pesa kwenye akaunti, nikarudi nyumbani nikapika bukari (ugali) na samaki. Miezi minne baadaye nikaomba karatasi ya malipo: pesa ilikuwa imekaa pale pale kwenye akaunti, benki inajikatia malipo ya kawaida humo humo, na deni limeshuka kama kwamba sikuleta kitu. Mimi, mhasibu! Nilikuwa sijaandika barua. Pesa haijui yenyewe inakwenda wapi. Andika kwamba ni ya kupunguza deni lenyewe, tena useme unataka kupunguza idadi ya miezi, usiseme kiasi cha malipo ya kila mwezi, kwa sababu wakikupunguzia malipo utabaki miaka ileile na sehemu kubwa ya faida imekupotea. Omba jedwali jipya la malipo lenye mhuri. Usiondoke kwenye dirisha bila hilo jedwali.

Ndugu yetu aliandika barua mbili, kila moja na nakala. Baada ya 2,400 za kwanza na 2,400 za pili, mwezi mmoja tu kati yake, deni lilibaki 5,388. Mkopo wa miezi 60 aliumaliza mwezi wa 34. Riba aliyookoa ilipita kidogo dola 3,200.

Watu wengi hapo wanafanya sherehe na kusahau nusu ya kazi. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Tulicho nacho sisi ni haki ya kuitumia, na ushahidi wake ni setifika ya usajili. Rehani ya benki inaandikwa juu ya setifika hiyo, na kumaliza deni hakuifuti. Benki itoe barua ya kuachia rehani, barua ipelekwe ofisi ya hati za ardhi, na msajili aifute kwenye kitabu. Nimeona mjane anayetaka kuuza nyumba iliyolipwa zamani, mnunuzi amekwisha kuja na pesa, na setifika bado inasema nyumba iko mikononi mwa benki. Anza kutembea mapema, maana barua moja inaweza kukurudisha dirishani mara nne.

Yeye alitembea. Mwezi uliopita alikuja mkutanoni na bahasha ya kaki, akampa mweka hazina. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaiinua setifika dirishani, akaiangalia kwenye mwanga, pembe kwa pembe.

"Hii," akasema, "haina tundu."