Ujuzi wa timu ya vijijini haujengwi ukumbini

Ukisoma maandiko ya miradi ya mashirika ya hisani yanayohudumia maskini wa vijijini, kifungu cha kuwajengea wafanyakazi uwezo hakibadiliki: semina ya siku kadhaa, mwezeshaji wa kualikwa, posho, vyeti, picha ya pamoja. Kazi yangu ni kufundisha timu hizo, kwa hiyo semina zinanilisha na mimi. Ila ujuzi wenyewe huja wiki zinazofuata, na anayeujenga ni msimamizi wa uwanjani, yule ambaye bajeti humkumbuka kwa mafuta ya pikipiki tu.

Mfano ninaopenda kuutumia ni wa BRAC, shirika lililoanzishwa Bangladesh mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed. Tangu 1980 lilituma wanawake nyumba kwa nyumba vijijini kuwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Ndani ya miaka kumi walifikia kaya zaidi ya milioni 12. Wengi hushangazwa na namba hiyo. Mimi navutiwa na namna walivyolipwa. Mwalimu hakulipwa kwa hesabu ya milango aliyobisha. Baadaye mkaguzi alirudi kwenye baadhi ya nyumba, akamwuliza mama anakumbuka nini, na malipo ya aliyemfundisha yakategemea majibu hayo. Kwa mpango huo, kuhutubia na kuondoka hakumlipi mtu.

Hata hivyo, mwanzoni akina mama wengi walijua kutengeneza maji hayo lakini hawakuyatumia. Walipochunguza chanzo, ikaonekana kwamba baadhi ya wafanyakazi wenyewe, wakiharisha, walikuwa wakinywa dawa nyingine. Walifundisha wasichokiamini, na mama wa kijijini hahitaji shahada kulitambua hilo. Ikabidi shirika lirudi kwa watu wake na kuwaeleza kinaganaga jinsi maji yale yanavyofanya kazi mwilini. Hakuna mtihani wa mwisho wa semina ambao ungefichua pengo la namna hiyo, maana majibu yote ya karatasi yangekuwa sahihi.

Kuhusu kuajiri nitasema machache. Hospitali za macho za Aravind, kusini mwa India, huchukua wasichana wa vijijini, huwafundisha zenyewe, kisha huwakabidhi sehemu kubwa ya kazi inayomzunguka daktari ili yeye abaki na upasuaji. Nakubaliana nao: ufundi hufundishika, ila kumheshimu mzee asiyejua kusoma ni shida kumfundisha mtu mzima. Kwenye usaili mimi humtazama mwombaji anavyozungumza na mlinzi wa getini.

Sasa msimamizi. Ninawafundisha wasimamizi ziara ya aina moja tu. Ingia na mfanyakazi kwenye kaya, kaa pembeni, funga mdomo, hata akikosea (isipokuwa kosa hilo ni la hatari). Akimaliza, mwombe mwenye nyumba akueleze alichoelewa, kwa maneno yake. Mkiwa njiani, mwulize mfanyakazi ameonaje, kisha chagueni jambo moja la kurekebisha. Moja, si saba. Liandikwe kwenye daftari la mfanyakazi, si kwenye fomu ya ofisini, na ziara ijayo ianzie hapo. Wasimamizi wapya hushindwa hasa kwenye kunyamaza. Wengi walipandishwa cheo kwa sababu walikuwa hodari wa kuzungumza.

Ziara hizi zinakula muda. Msimamizi mwenye watu thelathini na ripoti za kila wiki hataziweza, atageuka karani wa kukusanya fomu. Kwa hiyo mnapoandika andiko la mradi, ziara za usimamizi ziwekeni kwenye mstari wake wa bajeti, pamoja na idadi ya wafanyakazi kwa kila msimamizi. Zikifichwa chini ya "usafiri na mengineyo", mfadhili atazikata kwanza, na semina itabaki.