Beetle inazima asubuhi? Kabla hujailaumu kabureta soma hii kwanza

Mimi nina Volkswagen Beetle ya 1973, injini 1600, kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) aina ya Solex 34 PICT-3. Niliinunua Dar ikiwa inakaa sailensa (ule mngurumo wa chini usipokanyaga mafuta) vizuri kabisa, yaani unaweka kikombe cha chai juu ya boneti la nyuma na hakimwagiki, nikaipandisha Njombe mwezi wa sita na hapo ndipo vituko vikaanza. Asubuhi inawaka bila shida, nateremka nayo taratibu mpaka njia panda, natoa mguu kwenye mafuta ili nisimame, puu, imezima. Kila siku palepale. Mama anayeuza maandazi pale kona akawa ananisalimia "kamwene, leo tena?" Kila mtu akawa na ushauri wake na mwingi nimeujaribu, na mwingi ulikuwa uongo mtupu, sasa ngoja niwaeleze.

"Pampu mafuta mara kumi kumi ndo uwashe"

Hii tumerithi kwa wazee. Kila ukikanyaga mafuta kwenye hii kabureta kuna pampu ndogo inarusha petroli mbichi ndani, ukikanyaga mara kumi umeshamwaga petroli ambayo injini ya baridi haiwezi kuichoma, plagi zinalowa, unabaki unapiga stata mpaka betri inakufa. Choki ya 34 PICT-3, yaani kile kibati kinachobana hewa injini ikiwa baridi, inajifunga yenyewe ila inahitaji uikanyagie mara moja tu, pedali mpaka chini, taratibu, uachie, ndo kile kibati cha choki kinapata nafasi ya kujifunga na skrubu ya mafuta inakaa kwenye ngazi ya juu ya kigurudumu chenye vingazi ili injini inyanyuke kidogo. Baada ya hapo ondoa mguu, piga stata. Kama gari imelala siku nne tano na petroli imekauka kwenye bakuli la kabureta, usipampu, piga stata sekunde kumi hivi upumzike, upige tena, pampu ya petroli ya Beetle inaendeshwa na injini yenyewe kwahiyo lazima injini izunguke ndo petroli ifike.

"Sailensa iko chini, fundi iongeze tu"

Hapa ndo niliibiwa muda na hela. Fundi mmoja alikamata skrubu iliyoko kwenye mkono wa mafuta, ile inayogusa kile kigurudumu cha ngazi, akaizungusha mpaka gari ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikalipa nikaondoka nimefurahi. Kesho yake asubuhi inazima vilevile, na ikipata moto sasa inakimbia yenyewe hata mguu haupo.

Ukweli ni kwamba kwenye 34 PICT-3 skrubu ile siyo ya sailensa. Inatakiwa iguse tu ngazi ya chini kabisa halafu uongeze robo mzunguko, basi, usiiguse tena. Sailensa inarekebishwa na skrubu kubwa ya ubavuni, na ile ndogo jirani yake ndo ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Ukifungua mafuta kwa ile skrubu ya mkono, kibati cha chini, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kinapita vitundu ambavyo vinatakiwa vifunikwe wakati wa sailensa, na kuanzia hapo ile skrubu ndogo hata uizungushe mpaka jioni haisikii. Utaratibu ni huu: injini iwe ya moto, choki imefunguka yote, skrubu ndogo uanze na mizunguko miwili na nusu kutoka ilipofunga, ile kubwa uweke mpaka upate kama mizunguko 850 kwa dakika, halafu uzungushe ndogo kidogo kidogo kutafuta pale injini inapokwenda haraka zaidi, urudishe ndani mpaka ishuke kidogo tu, umalizie na kubwa. Ukishapata, funga boneti uende.

"Huku juu hewa nyepesi, ongeza petroli"

Kinyume chake. Njombe tuko kama mita 2,000 juu ya bahari, kanieneo ya hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar, lakini kabureta haijui hilo, inaendelea kutoa petroli kama bado iko Kariakoo. Matokeo yake mchanganyiko unakuwa mzito, plagi nyeusi, ekzosi inanuka. Gari iliyotyuniwa pwani ukiipandisha huku unapunguza petroli, hauongezi.

"Bongo hakuna barafu, kabureta haiwezi kuganda"

Hata mimi nilicheka nilipoambiwa. Petroli ikigeuka kuwa mvuke inanyonya joto, hewa inayopita kwenye kabureta inaweza kushuka nyuzi 20 hivi, kwahiyo asubuhi ya Julai kuna ukungu na nje ni nyuzi 8, ule unyevu unaweza kuganda palepale kwenye kibati. Gari inakohoa, inazima, unakaa dakika tano unashangaa, joto la injini linapanda kwenye kabureta, barafu inayeyuka, unawasha inawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi akifika haoni kitu! Ndo maana Beetle ilikuwa inatoka kiwandani na bomba la kupeleka hewa ya moto kwenye ea klina, lile ambalo wengi tumelitupa kwa sababu "halina kazi". Lina kazi.

"Ikizima asubuhi ni kabureta imekufa, nunua mpya"

Hii ndo iliyonisumbua miezi miwili. Kilichonifungua macho ni ile njia panda. Kutoka nyumbani mpaka pale ni kama dakika tatu, na choki ya hii kabureta ni ya umeme, kuna springi ndani inapashwa moto na waya wa volti 12, ikishapata moto inafungua choki, injini iwe imepata joto au haijapata. Kwahiyo choki ilikuwa inaondoka nikiwa nakaribia kona, na injini inabaki bila msaada huku bado baridi. Lakini kwa nini iwe baridi baada ya dakika tatu?

Siku moja nikainama nikashika bomba la kuingiza mchanganyiko chini ya kabureta. Lilikuwa linatoka jasho, matone ya maji yanadondoka, baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na injini imeshanguruma muda wote huo. Chini ya bomba lile kuna jingine jembamba linalopitisha moshi wa ekzosi ili kulipasha, na langu lilikuwa limeziba kaboni tii. Likiziba, petroli inafika kwenye bomba la baridi inageuka matone, silinda zinapata hewa tupu. Tulilifungua, tukachukua waya wa klachi wa zamani tukauchambua ncha, tukaufunga kwenye drili, ikatoka kaboni nyeusi ngumu kama ukoko wa ugali. Saa nzima na zaidi. Sasa nikiwasha, baada ya dakika moja na nusu hivi siwezi kushika lile bomba jembamba, na kona ya maandazi napita tu.

Kwa kabureta mpya nisingeambulia kitu.

Ila tofautisha. Kama yako inawaka sekunde tano tu halafu inazima na moshi mweusi, angalia kile kidiaframu kinachovuta choki ifunguke kidogo injini ikishika, kikichanika injini inazama kwenye petroli. Kama inakaa vizuri ikiwa baridi na inazima ikipata moto, chomoa na kuchomeka waya wa kile kisilinda kidogo ubavuni mwa kabureta ukiwa umewasha swichi, usiposikia "tik" basi njia ya petroli ya sailensa haifunguki. Na vile vimpira viwili vinavyounganisha bomba la kuingiza hewa, vikipasuka vinavuta hewa ya wizi.

"Iache ingurume robo saa iamke"

Nusu dakika inatosha, ondoka taratibu bila kupiga resi. Ikikaa inanguruma na choki, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda.

"Gari hii ilishinda Safari Rally, haihitaji mambo mengi"

Ilishinda kweli, hata 1962 ilishinda, lakini zile zilikuwa na mafundi wanaozifungua kila wakati. Yako lini mara ya mwisho ulipima nafasi ya vali? Ni 0.15 mm, injini ikiwa imelala baridi usiku mzima, siyo umetoka sokoni ndo unapima. Mwanya wa platini, ile swichi ndogo ndani ya disitributa (inayogawa umeme kwa plagi), ni 0.4 mm. Na ile disitributa ya Bosch 009 isiyo na mpira wa vakyumu ambayo wauza spea wanaisifia, ukiifunga na hii kabureta inakwama kidogo ukikanyaga mafuta, hasa asubuhi, na watu wanaanza tena kuzungusha skrubu.

Na ukiwa umeshafungua boneti, kagua mpira wa petroli. Unapita karibu na disitributa, ukiwa umekakamaa na una nyufa ubadilishe siku hiyohiyo na uweke klipu, maana Beetle nyingi zimeungua hapo.