Jeraha kupona si mwanariadha kurudi

Vijiweni utasikia kwamba bingwa akishapona jeraha, kilichobaki ni kurudisha pumzi tu. Mfano unaotolewa ni Conseslus Kipruto, Mkenya wa mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji: mwaka 2019 jeraha la mguu lilimweka nje sehemu kubwa ya msimu, kisha akaenda Doha akatetea taji la dunia kwa dakika 8:01.35, akimpiku Lamecha Girma wa Ethiopia kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde.

Kweli alishinda. Ila pumzi ndiyo hurudi mapema. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Mifupa na kano hudai miezi. Na mbio hizi hazina huruma: katika mita 3000 mkimbiaji huruka viunzi 28, na bwawa la maji mara 7. Kiunzi cha wanaume, sentimita 91.4, ni gogo zito lisiloanguka ukiligonga (utaanguka wewe). Kwenye maji wengi hukanyaga gogo, hujirusha, kisha hutua kwa mguu mmoja, kiatu kimelowa. Kukimbia barabarani, hata kilomita nyingi kiasi gani, hakuuandai mguu kwa kishindo hicho.

Tena yaliyofuata Doha husahaulika. Kipruto hakuwamo kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2022, kwenye mashindano ya dunia ya Eugene, Marekani, alipata shaba nyuma ya Soufiane El Bakkali wa Moroko na Girma. Wapo walioiona kama kuporomoka. Kwangu mimi, shaba ile ilikuwa na jasho kuliko dhahabu ya Doha.