Mshahara ukipanda na kodi ya nyumba ikipanda, tofauti hiyo inaweza kuwa akiba yako

"Nikiongeza saa kazini, watanipandishia kodi." Wapangaji wengi wanaoishi Marekani kwa vocha ya nyumba, yaani msaada wa serikali wa kulipia sehemu ya kodi ya nyumba, wamewahi kuniambia maneno haya, wengine kwa kunong'ona kana kwamba wanakiri kosa. Si wavivu hata kidogo. Wamepiga hesabu yao, na hesabu hiyo ni sahihi. Kwa mpangaji anayesaidiwa na serikali, kila dola mia anazoongeza kwenye kipato huja na dola kama thelathini za kodi ya nyumba, kabla hajaongeza nauli ya kwenda kazini na malipo ya mlezi wa watoto. Mtu akikaa akifikiria, anaona afadhali abaki na zamu zake zile zile.

Naandika makala haya kwa ajili ya huyo anayebaki pale pale, kwa sababu upo mpango wa kumtoa hapo, uitwao FSS, nao una zaidi ya miaka thelathini. Wengi wanaostahili hawajausikia, na waliousikia wengi hudhani una mtego ndani yake.

Tuanze na hizo dola thelathini katika kila mia. Mwaka 1969 Seneta Edward Brooke wa Massachusetts alipigania sheria iliyosema mpangaji wa nyumba za umma asitozwe zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake. Mwaka 1981 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 30, na ndicho tunachokitumia hadi leo kwa kawaida, katika nyumba za umma na kwa wenye vocha, ile ambayo watu wengi huiita Section 8. Ni kinga kubwa kwa mtu wa kipato cha chini: mshahara ukianguka, kodi nayo inashuka. Lakini mlango huo unafunguka pande zote mbili. Mshahara ukipanda, kodi inapanda nao.

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya nyumba iliyobeba majina ya Cranston na Gonzalez, na ndani yake likaanzisha mpango wa familia kujitegemea, unaojulikana kwa herufi FSS. Kiini chake ni jambo moja ambalo nikilieleza mezani, mpangaji huniomba nilirudie. Ukijiunga, kodi yako itaendelea kupanda kadiri mshahara unavyopanda. Ila ile nyongeza inayotokana na mshahara haitapotea. Mamlaka ya nyumba, yaani ofisi ya mtaa inayosimamia msaada wako wa nyumba, inakuwekea kiasi hicho kwenye akaunti maalumu yenye riba, iitwayo eskro, mpaka umalize mkataba wako.

Tuchukue karatasi na kalamu. Tuseme mama mmoja ana mapato ya dola 12,000 kwa mwaka baada ya makato yanayoruhusiwa. Hiyo ni dola 1,000 kwa mwezi, kwa hiyo sehemu yake ya kodi ni dola 300. Anajiunga na FSS. Baada ya mwaka mmoja anapata kazi ya kudumu na mapato yake yanafika dola 24,000. Sasa sehemu yake ni dola 600. Anamlipa mwenye nyumba dola 600, na mamlaka ya nyumba, ambayo sasa inamlipa mwenye nyumba dola 300 pungufu, inaziingiza dola 300 hizo kwenye akaunti ya mama huyu. Kila mwezi. Kwa mwaka ni dola 3,600. Akiendelea hivyo miaka minne iliyobaki kwenye mkataba wake wa miaka mitano, ni dola 14,400 na riba juu. Upo ukomo kwa wale ambao kipato chao kinapanda sana, na mratibu wako, yaani mtumishi wa mpango huu anayekuhudumia, atakuonyesha unapoanzia. Kwa familia nyingi ninazozijua, ukomo huo uko mbali.

Waliozoea kucheza upatu wataelewa haraka: ni kama kuweka fungu kila mwezi ukisubiri zamu yako, isipokuwa hapa huchangii chochote zaidi ya kodi ambayo ungeilipa hata hivyo, na zamu ni yako peke yako.

Sasa, fedha za kuendesha haya zinatoka wapi? Watu husikia kwamba mamlaka ya nyumba ya mji wao imepata ruzuku ya FSS, halafu wanakuja dirishani kuuliza hundi yao iko wapi. Ruzuku hiyo haigawiwi wapangaji. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo hapa huitwa HUD, huitoa kwa mamlaka za mitaa ili zilipe mshahara wa mratibu. Kwa mwaka wa fedha 2023 Bunge lilitenga dola milioni 125 kwa kazi hiyo nchi nzima. Sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018 inasema mamlaka yenye washiriki 25 inaweza kulipiwa mratibu mmoja, ikifika 75 wawili, kisha mmoja zaidi kwa kila washiriki 50 wanaoongezeka. Fedha zinazoingia kwenye eskro yako ni fungu jingine kabisa.

Wengine huniuliza kwa nini serikali imlipe mtu wa ofisini badala ya kuwapa wapangaji fedha hizo. Swali ni la haki. Jibu langu linatokana na niliyoyaona. Mratibu mzuri ndiye anayejua chuo gani kinafundisha uuguzi msaidizi jioni, nani anasaidia kulipia malezi ya watoto, na namna ya kusafisha deni la zamani linaloharibu rekodi yako ya mikopo. Mtu aliyefika nchini juzi, anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la kwenda ghalani, hana siku ya kuzunguka ofisi tano kuyatafuta hayo. Lakini mratibu mmoja akipewa familia mia mbili, anabaki kuwa jina tu kwenye barua. Kwa hiyo ukienda kuuliza habari za mpango huu, uliza pia anahudumia familia ngapi.

Mkataba wenyewe ni wa miaka mitano, ukihesabiwa kuanzia mapitio ya kwanza ya kipato baada ya kusaini. Unaweza kuongezewa muda, hadi miaka miwili, ukiwa na sababu nzuri. Ndani yake mnaandika malengo yako: kujifunza Kiingereza, kupata leseni ya udereva, kumaliza cheti, kulipa madeni. Anayesaini si lazima awe mkuu wa kaya. Tangu kanuni mpya za mwaka 2022, familia inaweza kumteua mtu mzima yeyote wa nyumba hiyo. Ili kumaliza, masharti makubwa ni mawili. Aliyesaini awe amefanya jitihada za kupata kazi inayomfaa na kuishikilia, na siku ya kumaliza pasiwe na mtu wa familia anayepokea msaada wa fedha taslimu wa ustawi wa jamii. Hapa watu wengi hushtuka bila sababu. Msaada wa chakula hauhesabiwi. Bima ya afya ya Medicaid haihesabiwi. Fedha za SSI anazopata mzee au mwenye ulemavu hazihesabiwi.

Jambo ambalo ningependa ulikumbuke kuliko yote ni siku ya kusaini. Siku hiyo mapato yako ya kazi hurekodiwa kama msingi, na akiba yako yote itapimwa kutoka kwenye msingi huo. Aliyesaini akiwa hana kazi, kila dola ya mshahara atakayopata baadaye inamjengea akiba. Aliyesubiri mpaka apate kazi, kodi yake ikahesabiwa upya, ndipo akaja kujiunga, msingi wake tayari uko juu, na akiba inabaki kwenye nyongeza ndogo ndogo zitakazofuata. Nimewahi kukaa na baba mmoja aliyekuja miezi mitatu baada ya kodi yake kupandishwa kwa ajili ya kazi mpya. Alipoona tofauti hiyo kwenye karatasi aliikunja, akaifungua, akaikunja tena. Hakuna nilichoweza kumrudishia. Kwa hiyo kama uko darasani, au unalea mtoto mchanga, au umeachishwa kazi, usiseme "nitajiunga nikishasimama". Huu ndio wakati.

Yapo mashaka mengine mawili. La kwanza, kwamba usipotimiza mkataba utanyang'anywa vocha. Hapana. Sheria ya sasa inakataza kuondolewa msaada wa nyumba kwa sababu ya kushindwa FSS. Utakachopoteza ni akiba iliyokuwa ikisubiri, na hata hapo kanuni zinaruhusu ulipwe katika hali fulani, kwa mfano aliyesaini akipata ulemavu wa kudumu unaomzuia kufanya kazi. Akiba zilizopotezwa hivyo, tangu mwaka 2022, zinapaswa kutumika kwanza kuwasaidia washiriki wengine, kama nauli, malezi ya watoto au mafunzo. La pili, kwamba ukimaliza utatolewa kwenye nyumba. Hilo nalo hapana. Kumaliza FSS hakukuondoi kwenye vocha. Unaendelea maadamu bado unastahili, na fedha zako unazitumia utakavyo.

Sitaki kuupamba mpango huu kupita ulivyo. Utafiti uliochapishwa na HUD mwaka 2011 ulifuatilia washiriki 181 kwa miaka minne. Asilimia 24 walikuwa wamemaliza, na wastani wa akiba yao ulikuwa kama dola 5,300. Asilimia 37 walikuwa wametoka bila kumaliza, na waliobaki walikuwa bado njiani. Utafiti mkubwa zaidi, ulioanza mwaka 2012 na kuhusisha mamlaka 18 za nyumba, haukuona kwamba washiriki kwa jumla walipata kipato kikubwa kuliko wenzao wasioshiriki. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: kusaini peke yake hakuleti kazi. Akiba inamfaa anayefanya kazi kwa mfululizo, na kufanya kazi kwa mfululizo kunahitaji gari linalowaka, mtoto mwenye pa kukaa, na mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika.

Kuna kosa linalokula akiba za watu wetu kimya kimya, nalo ni kuficha mshahara. Mtu anapata kazi ya pili, haisemi, akidhani ameokoa. Kwa aliye kwenye FSS, huko ni kujiibia mwenyewe. Mshahara ambao haukuripotiwa hauingizi kitu kwenye eskro, na ukigunduliwa unadaiwa kodi ya nyuma, deni ambalo linaweza kukatwa kwenye akiba uliyokwisha kuijenga. Peleka hati zako za mshahara mapema, na ubaki na nakala.

Ikitokea unahitaji fedha kabla ya miaka mitano kwisha, kwa ada ya chuo au kutengeneza gari la kwendea kazini, unaweza kuomba sehemu ya akiba ikiwa umetimiza baadhi ya malengo na matumizi hayo yanaendana na mkataba. Uamuzi ni wa mamlaka ya nyumba. Omba kwa maandishi.

Na usisaini usichokielewa. Mamlaka ya nyumba hupokea fedha za shirikisho, hivyo inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inayokataza kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Sema tu, "Naomba mkalimani wa Kiswahili." Usimpe mtoto wa darasa la sita kazi ya kukutafsiria mkataba wa miaka mitano, hata awe hodari vipi.

Si kila mamlaka ina mpango huu, kwa hiyo anza kwa kuuliza yako kwa jina hilo la FSS. Ukishajiunga, angalau mara moja kwa mwaka unapaswa kupewa taarifa ya salio la akaunti yako. Linganisha tarakimu hizo na kodi uliyolipa mwezi kwa mwezi. Kama mshahara wako ulipanda mwezi wa tatu na akiba imeanza kuhesabiwa mwezi wa saba, nenda na risiti zako ukaulize miezi hiyo minne imekwenda wapi.