Mhusika mkuu si mwandishi

Wengi wanaohakiki riwaya hudhani mhusika mkuu ni mwandishi mwenyewe aliyebadili jina. Yusuf wa Paradise (1994), riwaya ya Abdulrazak Gurnah, anaishi Afrika Mashariki ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, kwa hiyo Yusuf hawezi kuwa yeye. Hata riwaya inaposema “mimi”, andika “msimulizi anadai”, si “mwandishi anadai”, maana msimulizi aweza kudanganya, na mwandishi akawa amekusudia hivyo hivyo. Kwenye mahojiano na mwandishi kosa hili huua mazungumzo: “Haya yalikupata?” hujibiwa ndiyo au hapana, basi. Fungua ukurasa uliouwekea alama, msomee aya moja, kisha uliza, kwa mfano, kwa nini harusi aliipa sura nzima na mazishi mistari miwili.