Shoo ya TV ufukweni: mnachokiona nyie na tunachokisikia sie wa saundi

Kila sikukuu ikirushwa shoo ya muziki iliyorekodiwa kwenye hoteli ya pwani lazima nipate meseji ileile, safari hii imetoka kwa mtoto wa shangazi yangu yuko Chake Chake, Pemba: "Kaka, mawimbi tunayaona nyuma pale yanapiga lakini hayasikiki, wale wanaimba kweli au mnatufanya wajinga?" Nikamtumia voisi noti ya dakika sita, akanambia hajafahamu kitu. Basi bora niandike yaishe.

Wengine wanaimba kweli, wengine wanafumbua midomo tu, na mwenye kuamua nani aimbe nani afumbue si dairekta wala msanii, ni maji, upepo na aina ya muziki.

Kwanza mjue shoo ya Idd hairekodiwi Idd. Ramadhani hakuna mtu wa kupiga muziki, kwa hiyo kazi hufanywa Shaaban, mara nyingi mbio mbio. Kuna mwaka tulipelekwa hoteli moja upande wa mashariki wa Unguja, dairekta mgeni, kijana mzuri tu, kajiwekea kichwani mwake picha moja: mwimbaji kasimama jukwaani, nyuma yake mwezi mzima unatoka baharini. Akatafuta kwenye simu, akachagua mwezi kumi na nne. Hesabu yake ilikuwa sawa, mashariki mwezi mpevu unachomoza baharini karibu na sala ya Magharibi. Asichouliza ni kwamba mwezi mpevu ndo bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita siku nyingine, na huku kwetu siku za bamvua maji yanajaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, halafu yanapwa mnamo saa nne. Saa kumi jioni tunafanya mazoezi bahari imejaa tele, kila mtu anapiga selfi. Mpaka taa zikae sawa, mpaka mwimbaji amalize kupambwa, saa tatu usiku hiyo, mwezi ushapanda juu huko kamera haiufikii na maji yashakimbilia mwambani. Nyuma ya mwimbaji kuna matope, vijiti vya mwani, na ngalawa moja imelala ubavu. Mvuvi yeyote pale kijijini angemwambia bila hata kulipwa chai. Bamvua ikiwa kubwa tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 4 hivi, na mashariki chini ni tambarare, maji yakitoka yanatoka kweli.

Na mie nisijifanye mjanja. Zile kebo nilizilaza mchangani nikenda kulala, nikasahau kwamba saa kumi alfajiri yanarudi. Mlinzi ndo aliyeniamsha. Viungio tulivisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi tukavianika, na bado viwili vilifanya kutu, chumvi haisamehe.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Upepo na wimbi ni maadui wawili tofauti. Upepo ukipiga maiki unatoa mngurumo wa chini kabisa, huo unauvalisha maiki lile koti la manyoya, kwenye mikisa unakata kila kitu chini ya hezi 100, umemaliza, mwimbaji wa kike hapotezi kitu pale. Wimbi silo. Wimbi ni kama mtu anamwaga mchele kwenye ungo mfululizo, limekaa mlemle ilimo sauti ya mtu, ukilikata unakata na "sa" na "sha" za mwimbaji, mashairi hayafahamiki. Dawa ni moja tu, kusogeza maiki. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti inapanda desibeli 6 na wimbi linabaki palepale. Ndo maana mnawaona waimbaji wanataka kuila maiki, si maringo yale. Na kamera ya mbali haichukui sauti ya maana kabisa, maana sauti kwenye joto letu inakwenda mita 350 hivi kwa sekunde, kamera ikikaa mita 70 sauti inaifikia imechelewa fremu 5, mdomo ushafungwa neno ndo linafika. Kwa hiyo sauti mnayoisikia inatoka jukwaani tu, na bahari tunarekodi peke yake asubuhi, tunaitia kidogo kidogo baadae. Ile shoo aliyoiona yule wa Chake nadhani alokuwa anatia alisahau.

Mdomo unasogezwa, lakini ganuni ya taarabu utaisogeza vipi? Hiki chombo kina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Ngozi bwana. Ikinywa unyevu wa pwani inalegea, daraja linadidimia kidogo tu kama unene wa ukucha, na nyuzi zote zinashuka, tena hazishuki sawa. Nimemshuhudia mzee mmoja anakaza nyuzi na ufunguo wake, akifika za mwisho zile za mwanzo zishateremka tena, akaniangalia hakusema kitu, akaifunika ganuni kwa kanga ya mkewe akaenda kuvuta sigara. Taarabu ya asili ni muziki wa ukumbini. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha hapa Unguja, wapo tangu 1905 na vyombo vyao havikutengenezewa kupigwa na kusi. Hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zamani, alivuka bahari yote ile 1928 mpaka Bombay ili akarekodi ndani.

Hapo ndo linapoingia suala la pleibeki. Msanii wa zenji fleva, muziki wa vijana wa hapa Zanzibar, anakuja na wimbo wake tayari, spika zinapiga, yeye anacheza na kufumbua mdomo, na mie sioni ubaya, wachezaji wanakwenda na mdundo uleule kila tukirudia na wahariri wanashukuru. Taarabu haikubali. Kwenye taarabu watu wanainuka kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa, na mwimbaji mjuzi akimuona fulani anakuja na noti zake anaurejea ubeti, anamgeukia, anauvuta mpaka mtu afike, wapigaji wanamfuata yeye. Tulijaribu pleibeki mara moja, tukasema wageni wakae tu wasitunze. Nani akae! Bibi mmoja kavaa dhahabu zake akanyanyuka katikati ya ubeti, mwimbaji kwa mazoea akamgeukia, akacheka, akasema "ahsante dada", na sauti yake kwenye spika inaendelea kuimba bila yeye. Tangu hapo taarabu narekodi laivu, maiki ndogo ya kubana kwenye kila fidla, ganuni tunaipandisha jukwaani dakika ya mwisho, wimbi likiingia liingie.

Pwani ya magharibi sina maneno mengi. Hoteli za Kendwa na Nungwi zinauza jua linavyozama, madairekta wote wanalitaka hilo, na huku likishazama una dakika 20 hivi mwanga umekwisha. Na dakika hizohizo ndo adhana. Spika nazizima, sijadiliani na mtu. Wapigapicha wachukue mikono, nyuso, udi ule wa kupiga umelala mapajani, kimya kimya.

Waitaliano waliojaa Kiwengwa ukiwauliza watakwambia tamasha lao la Sanremo, mji wa pwani vilevile, lipo tangu 1951 na linafanywa ndani ya ukumbi. Nilimwambia dairekta akacheka, akaniuliza mwezi je.

Huo mwezi aliupata mwisho wa yote. Alituma droni usiku wa pili, ukachukuliwa peke yake juu ya maji, wakaubandika kati ya nyimbo. Ukatoka mzuri, siwezi kusema uongo. Usiku wa Idd mosi tumekaa nyumbani tunaangalia, bi mkubwa na kikombe chake cha kahawa, ukatokea pale kwenye TV mviringo unang'ara. Akanigeukia.

"Leo si Idd mosi?"

"Ndiyo mama."

"Na jana si ndo tumeuona mwezi, mwembamba kama uzi?"

"Ndiyo."

"Sasa huo wenu umepevuka saa ngapi?"