Yica: kazi kubwa iko kwenye uzi

Watu wakishika mfuko wa yica hutazama mapambo kwanza. Mimi hutazama uzi, kwa sababu ufumaji ndio sehemu nyepesi ya kazi yote.

Yica ni mfuko wa Wawichí, watu wa nyanda kavu za Gran Chaco, upande wa kaskazini mwa Argentina na kipande cha Bolivia. Uzi wake hutoka kwenye chaguar, mmea wa jamaa ya mnanasi wenye majani ya miiba. Wanawake huufuata msituni kwa makundi. Huchuna ngozi ya jani, huziponda na kuzikwangua nyuzi, kisha huziosha na kuzianika juani mpaka zing'ae.

Hapo ndipo kusokota kunapoanza. Mama huketi chini, hujipaka jivu pajani ili nyuzi ziteleze vizuri, huweka mafungu mawili na kuyasukuma mbele kwa kiganja. Yakishajipinda huyarudisha nyuma, yakashikana kuwa uzi mmoja. Aliyewahi kuwatazama akina mama wa Ukambani wakisokota mkonge wa kiondo ataujua mwendo huo wa mkono. Pitisha kidole kwenye yica halisi: uzi hauna unene mmoja, tofauti na ule wa kiwandani.

Kufuma ni kupitisha kitanzi ndani ya kitanzi bila kufunga fundo, ndiyo maana mfuko mdogo hutanuka ukijazwa maganda ya algarrobo. Mti huo ni ndugu wa mathenge, ule unaolaaniwa Baringo, Kenya. Kwa Wawichí maganda yake ni chakula, na utomvu wake hutia uzi rangi nyeusi. Mapambo yana majina: gamba la kobe, macho ya bundi. Usitafute mnyama mzima. Utaona kona na mistari tu, na mfumaji huihesabu kichwani, kitanzi kwa kitanzi.

Mwaka 2024 Claudia Alarcón na kundi la wafumaji la Silät walionyesha kazi zao za chaguar kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa huko Italia. Nilifurahi mno, maana ufundi huu umewekwa muda mrefu kwenye rafu ya zawadi za watalii. Lakini chaguar humea kwenye kivuli cha miti, na misitu ya Chaco inafyekwa kupisha soya na ng'ombe. Tingatinga likishapita, akina mama hulazimika kwenda mbali zaidi kutafuta majani.